Mzee Edison na Fyuzi ya Redio Yako

Katika maswali tunayoletewa kuhusu vyombo vya sauti vya nyumbani, la fyuzi halikosekani. Umeme ulikatika jioni, ukarudi kwa kishindo, na sabufa haikuwaka tena. Shemeji mwenye mkono mwepesi akaifungua, akakuta kile kichupa cha kioo kimeingia weusi, akakizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na muziki ukarudi. Mwenye nyumba anataka kujua kama kuna ubaya. Upo, tena mkubwa, na nyumba huweza kuteketea kwa sababu yake. Tutaeleza humu jinsi ya kubadilisha fyuzi ipasavyo, ila tutapitia njia ndefu kidogo, kwa sababu mtu aliyeiweka fyuzi majumbani ndiye yule yule aliyeitengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha. Mambo mawili hayo yanayokutana nyuma ya redio yako yalitoka kwenye karakana moja. Mtu huyo ni Thomas Alva Edison, Mmarekani aliyefariki mwaka 1931.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 huko Milan, mji mdogo wa jimbo la Ohio, akiwa kitinda mimba katika watoto saba wa Samuel na Nancy Edison. Alipokuwa na miaka saba familia ilihamia Port Huron, Michigan. Shule alisoma miezi michache tu. Mwalimu alimwona mtoto asiyetulia na mzito wa kuelewa, na mama yake, ambaye naye aliwahi kufundisha, akamtoa na kumsomesha nyumbani. Masikio yake yalianza kupungua nguvu angali mtoto, na mtu mzima akawa karibu kiziwi. Sababu alizitaja tofauti tofauti kila alipoulizwa, basi nasi hatutazishindanisha. La maana ni kwamba mtu aliyetuletea santuri hakuwa anasikia vizuri.

Akiwa na miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Katika behewa la mizigo alijitengea kona ya kufanyia majaribio ya kemikali, na kona nyingine akaweka mashine ndogo ya kuchapia gazeti lake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba siku moja kemikali zilianguka, behewa likashika moto, na mkuu wa treni akamtupa nje yeye na chupa zake. Moto utarudi mara kadhaa katika habari hii.

Mwaka 1862 alimwokoa mtoto wa mkuu wa stesheni aliyekuwa akicheza relini huku behewa likimjia. Baba mtu hakuwa na fedha ya kumtuza, akamlipa kwa ufundi: alimfundisha kupiga telegrafu, ile simu ya waya ya kugonga herufi kwa nukta na vistari. Kwa miaka mitano hivi Edison alizunguka miji ya Marekani akifanya kazi hiyo, leo hapa, kesho kule, mara nyingi zamu ya usiku. Kwa sisi wa huku Unyamwezi picha hiyo si ngeni. Enzi hizo hizo kijana wa Kinyamwezi alibeba mzigo wake hadi Bagamoyo, na asiyewahi kuiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Edison naye alikomaa njiani, ila njia yake ilikuwa waya.

Tukitaja njia na waya, itabidi tusimame kidogo hapa nyumbani. Bidhaa zilizopanda kutoka Bagamoyo, zikapita Ugogo, zikafika Tabora na kuendelea Ujiji, zilikuwa hasa za aina tatu: nguo, shanga na nyaya za shaba, zile zilizoitwa masango. Henry Morton Stanley, aliyeingia Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871 akimtafuta Dk. Livingstone, alibeba zote tatu. Aliandika kwamba shanga huku zilikuwa kama sarafu za shaba, nguo kama fedha, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa sawa na dhahabu. Tembe alilokaa Kwihara, nje ya mji wa Tabora, limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Waya uliofika hapa begani mwa mpagazi uligeuzwa bangili za mikono na miguu. Hakuna aliyeufikiria kama njia ya kupitisha kitu kisichoonekana.

Mwezi huo Stanley alipokuwa anapanga mizigo yake Kwihara, Edison alikuwa na miaka 24 na karakana mjini Newark, karibu na New York. Hataza yake ya kwanza, ya mwaka 1869, ilikuwa ya mashine ya kuhesabia kura za wabunge. Ilifanya kazi vizuri, na wabunge hawakuitaka kabisa, kwa kuwa kura za haraka zingewanyima muda wa kubishana na kushawishiana. Toka hapo aliamua kutobuni kitu ambacho hakina mnunuzi. Mashine za telegrafu za kutangazia bei za soko la hisa zilikuwa na wanunuzi, naye alipata fedha. Mwaka huo wa 1871 alifiwa na mama yake mwezi Aprili, na siku ya Krismasi akamwoa Mary Stilwell, binti wa miaka 16 aliyekuwa mfanyakazi wake. Watoto wao wawili wa kwanza aliwabandika majina ya utani ya Nukta na Kistari, kwa lugha ya telegrafu. Kama baba wa nyumbani hakuwa wa kusifiwa, kwa maana alilala karakana mara nyingi kuliko nyumbani. Mary alifariki mwaka 1884.

Mwaka 1876 alijenga karakana ya utafiti katika kijiji cha Menlo Park, New Jersey. Hapo alikusanya mafundi wa chuma, wapuliza kioo, wachoraji na wahesabu, kazi yao ikiwa kubuni tu. Tunapomsifu Edison tuwakumbuke na watu hao. Hataza 1,093 alizopewa Marekani zina jina lake, lakini mikono ilikuwa mingi.

Mmoja wao alikuwa John Kruesi, fundi mzaliwa wa Uswisi. Mwishoni mwa 1877 Edison alimpa mchoro wa mashine ya ajabu: mche wa shaba wenye mfereji wa kuzunguka, mkono wa kuuzungusha, na sindano iliyoshikizwa kwenye ngozi nyembamba ya chuma inayotikisika mtu akiongea. Mche ulifunikwa karatasi laini ya bati. Edison alizungusha mkono huku akitamka shairi la watoto, sindano ikachora mitikisiko ya sauti yake kwenye bati. Akairudisha sindano mwanzo, akazungusha tena, na mashine ikamtamkia maneno yake. Walioshuhudia hawakuamini, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba alishtuka, kwa sababu alikuwa na shaka na kila kitu kinachokubali mara ya kwanza. Mwezi Desemba aliipeleka New York kwa wahariri wa jarida la Scientific American, na mwaka 1878 akaitwa Ikulu ya Marekani kumwonyesha Rais Hayes.

Karatasi ile ya bati ilichanika baada ya kuchezwa mara chache. Ndugu yake, ile ya pakiti ya sigara, siku hizi haina bati bali alumini. Kwa hiyo tunaweza kusema karatasi ya namna hiyo ilianza historia ya kusikiliza muziki nyumbani, na ndiyo wengine wanayoirudisha ndani ya redio mahali ambapo haitakiwi hata kidogo.

Mashine ya sauti aliiweka pembeni kwa miaka karibu kumi, kwa kuwa alikuwa ameshikwa na taa. Hakuwa wa kwanza kuwasha waya ndani ya kioo. Wengi walijaribu kabla yake, na Joseph Swan wa Uingereza alikuwa naye bega kwa bega. Alichokifanya Edison Oktoba 1879 ni kupata uzi wa kaboni uliodumu kuwaka kwa saa nyingi na kutumia umeme kidogo, na hasa kutambua kwamba balbu peke yake haimfai mtu. Mtu anahitaji jenereta, nyaya barabarani, mita, swichi, soketi, na njia ya kuzuia vyote hivyo visimchome. Hapo ndipo fyuzi inapoingia.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kazi yake. Mwaka 1847, mwaka aliozaliwa Edison, fundi Mfaransa Louis Breguet alishauri ofisi za telegrafu ziunganishwe kwa kipande cha waya mwembamba, ili radi ikipiga kipande hicho kiyeyuke na mashine zilizo ndani zipone. Edison alilichukua wazo hilo na kulipeleka majumbani. Mwaka 1880 alipata hataza ya waya wa usalama kwa ajili ya taa, na 1890 nyingine ya kikalio cha fyuzi. Alikuwa na hofu mbili: nyumba moja ikipiga shoti, nyaya zake zitawaka, na tena mtaa mzima utaingia gizani. Kwa waya mwembamba kila nyumba, tatizo linakufa pale pale lilipozaliwa.

Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, kabla ya kituo chake kikubwa kufunguliwa, matajiri wa New York walimtaka awawekee mitambo yao binafsi. Katika nyumba ya familia ya Vanderbilt kuta zilipambwa kwa kitambaa chenye nyuzi nyembamba za madini. Nyuzi hizo zikaunganisha nyaya mbili, ukuta ukaanza kufuka moto. Mama mwenye nyumba, aliposikia pia kwamba chini ya sakafu kuna jenereta na boila, alisema vyote viondolewe au yeye hatakaa humo. Na kwa J. P. Morgan, tajiri wa benki aliyekuwa akimpa Edison fedha, shoti iliunguza meza na zulia la maktaba familia ikiwa imetoka matembezini. Morgan hakufukuza mtu, alitaka tu kazi irudiwe vizuri.

Tarehe 4 Septemba 1882 kituo cha Pearl Street kiliwashwa katika Manhattan, kikiwa na taa mia nne hivi kwa wateja wasiofika mia moja. Ndio ulikuwa mwanzo wa umeme wa kuuzwa kwa mita kama tunavyoujua.

Sasa turudi kwenye redio yako. Fyuzi ni waya mwembamba ndani ya kioo au kaure. Mkondo wa umeme ukipita kwenye waya, waya hupata joto, na joto hilo halipandi sawa kwa sawa: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Fyuzi za mwanzo zilikuwa za risasi au bati kwa kuwa ni madini yanayoyeyuka upesi, bati kwa nyuzijoto 232 na risasi kwa 327, wakati shaba inasubiri mpaka 1,085. Fyuzi imewekwa ife kwanza, basi. Ikiungua imefanya kazi yake, na swali la kujiuliza ni kwa nini mkondo ulizidi.

Chukua mfano wa sabufa inayokula wati 100. Kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta chini ya nusu ampea. Watengenezaji wanaweza kuipa fyuzi ya ampea 1 au 2. Ukiizungushia karatasi ya fedha, au ukafunga uzi uliochunwa kwenye waya wa pasi, kizuizi kinachobaki ni swichi kubwa ya ukutani, ambayo huenda haishtuki mpaka ampea 20 au zaidi. Katikati ya 2 na 20 hapo ndipo transfoma ya sabufa inapopikwa polepole, plastiki ikalainika, spika zikanuka, na pazia lililo jirani likapata moto wake. Umeme wenyewe utakuwa bado unawaka, na mtu amelala.

Kubadilisha si kazi ngumu. Chomoa plagi ukutani, usitosheke na kuzima swichi ya mbele. Kama chombo ni amplifaya au sabufa, kiache kwanza kwa dakika kadhaa, maana kapasita za ndani hubaki na umeme hata waya ukiwa mkononi mwako, na kubwa zaweza kukupiga vibaya. Tafuta fyuzi. Kwenye plagi ya miguu mitatu bapa huwa ndani ya plagi yenyewe, kipande cheupe kama kidonge kirefu. Chombo chenyewe huwa nayo nyuma, karibu na unapoingia waya, katika kifuniko kidogo cha kuzungusha. Vingine vingi vimeificha ndani, juu ya ubao, na hapo kama hujawahi kufungua mashine mpe fundi.

Kitazame kichupa kabla ya kukitupa, kwa sababu kinaongea. Waya ukiwa umekatika katikati na kioo ni safi, mzigo ulizidi kidogo, au fyuzi ilichoka kwa umri. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kama fedha kwa ndani, kulikuwa na shoti kali. Wakati mwingine macho hayaoni kitu na ni mita ya fundi tu itakayosema kama waya umekatika.

Kisha soma maandishi kwenye kofia ya chuma. Namba yenye herufi A ni ampea, na hiyo isipande hata kidogo. Namba yenye V ni volti, nayo iwe 250. Fyuzi ya gari imetengenezwa kwa volti chache na isiwekwe kwenye umeme wa nyumbani, kwa sababu ikikatika cheche inaweza kuendelea kuruka kwenye pengo. Herufi F maana yake inakatika haraka, T inavumilia kidogo. Hii ya mwisho wengi huipuuza, halafu wanashangaa. Amplifaya ikiwashwa hunywa umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana imepewa T. Ukiiweka F yenye ampea zile zile itakatika kila unapowasha, na utadhani mashine ni mbovu. Kwenye plagi nako, redio au deki haihitaji ile ya 13, inayofaa pasi na birika. Ya 3 inatosha, isipokuwa kitabu cha chombo kiseme vingine.

Weka mpya, funga kila kitu, ndipo uchomeke. Ikikaa, vizuri. Ikiungua tena hapo hapo, acha. Usiweke ya tatu, na usiongeze ampea. Mara nyingi ni dayodi za kugeuza umeme au transista za kusukuma spika zilizokufa, na fundi mwenye mita atazikuta. Chungulia pia nyaya za spika nyuma, nyuzi mbili zilizogusana zinaweza kuanzisha msiba wote. Fyuzi ya kioo haina bei ya kumfanya mtu ahangaike na pakiti ya sigara, na ni busara kukaa na mbili za akiba droo moja na betri za rimoti.

Tumalize habari ya mwenyewe. Miaka iliyofuata Pearl Street haikumpa heshima yote aliyoitaka. Umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, na haukuweza kusafiri mbali, kilomita moja na nusu hivi kutoka kituoni ukawa umefifia. George Westinghouse, akitumia pia hataza za Nikola Tesla, aliuza mkondo geu, ambao transfoma huweza kuupandisha volti usafiri mbali na kuushusha ukifika. Edison aliupiga vita kwa hoja za usalama, na upande wake ulifika hadi kuua wanyama hadharani ili kuwatisha watu. Mtu wa kwanza kunyongwa kwa kiti cha umeme, mwaka 1890, aliuawa kwa mkondo geu, na kambi ya Edison ilisaidia iwe hivyo. Kwetu sisi huu ndio ukurasa mbaya kuliko yote katika maisha yake. Aliyehofia kweli watu wasiungue aligeuza hofu hiyo kuwa silaha ya biashara. Alishindwa. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na mshindani ikawa General Electric, jina lake likaachwa nje. Umeme unaofika Tabora leo, baada ya kupita mamia ya kilomita za nyaya, ni ule alioukataa.

Alishaoa tena mwaka 1886. Mke wake wa pili, Mina Miller, alimfundisha telegrafu, wakawa wanaongea kwa kugongana viganjani mbele za watu, na hata posa aliipeleka kwa nukta na vistari. Karakana mpya, kubwa mno kuliko ya kwanza, ilifunguliwa West Orange, New Jersey, mwaka 1887, na hapo akairudia mashine yake ya sauti. Bati likaachwa, nta ikachukua nafasi yake.

Huko West Orange ndiko alikofika mgeni mmoja ambaye Tabora inamfahamu. Stanley, akiwa amemaliza safari zake za Afrika, alimtembelea pamoja na mkewe Dorothy, akaonyeshwa mashine. Alfred Tate, katibu wa Edison, ameacha masimulizi yake. Stanley alisikiliza, akafikiri, kisha akamuuliza Edison kama angeweza kusikia sauti ya mtu yeyote aliyepata kuishi duniani angetaka ya nani. Edison hakusita, akasema Napoleon. Stanley alishtuka akasema yeye angetaka ya Mwokozi. Edison akacheka na kujibu kwamba yeye hupenda mtu mchapakazi. Tukiulizwa sisi, tungetaka sauti za wale waliokuwa Unyanyembe mwaka 1871: Mirambo akiwaamuru vijana wake, wapagazi wakiimba chini ya mizigo. Mashine ilichelewa miaka sita tu kubuniwa. Picha na maandishi ya wageni tunayo, sauti hatuna hata moja.

Katika biashara ya muziki alikuwa mbishi. Aling'ang'ania mche wa nta wakati Emile Berliner alipotoa sahani bapa, iliyo rahisi kuchapwa kwa maelfu. Alipokubali sahani, mwaka 1912, alitengeneza nene na nzito isiyochezeka kwenye mashine za wengine. Zaidi ya hapo, wanamuziki aliwachagua mwenyewe, kiziwi yule, kwa kuuma mbao ya piano au ya kasha la mashine ili mtikisiko umpitie kwenye meno na mfupa wa fuvu. Alisikia makosa ambayo wengine hawakuyasikia, lakini hakusikia watu wanapenda nini. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi, na nyimbo zake zikarudi pwani zikiwa kwenye sahani bapa. Mwaka uliofuata Edison alifunga kabisa biashara yake ya santuri.

Moto nao haukumwacha. Msaidizi wake Clarence Dally, mpuliza kioo, aliungua mikono kwa miale ya eksirei walipokuwa wanaifanyia majaribio. Alikatwa mkono mmoja, na mwingine pia, na mwaka 1904 akafa. Edison aliiacha kazi hiyo, na toka hapo aliogopa hata kupigwa picha ya eksirei. Desemba 1914 majengo mengi ya West Orange yaliteketea kwa usiku mmoja. Alikuwa na miaka 67, na siku iliyofuata alianza kupanga kujenga upya.

Sisi wa redio tuna deni kwake, na ugomvi kidogo. Redio hakuipenda. Alisema inaharibu muziki, akawazuia wanawe waliotaka kampuni iingie humo, na alipolegea soko lilikuwa limeshajaa.

Alifariki West Orange tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na miaka 84. Lilitoka pendekezo kwamba siku ya mazishi umeme wa Marekani yote uzimwe kwa dakika moja. Rais Hoover aliona haiwezekani: hospitali, pampu za maji na lifti zingesimama, na watu wangeweza kufa. Badala yake wananchi waliombwa wazime wenyewe taa zao kwa dakika moja, saa nne usiku wa tarehe 21 Oktoba, siku ambayo ilikuwa ikiadhimishwa kuwa ya balbu yake ya mwaka 1879.